Dirisha Lililokataa Sura ya Antoni

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutufariji, mimi ni Josephat Chenge, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, na imenitaka nisiruke kitu, ingawa kuna mahali ningependa kuruka.

Kaka Alexander Chenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Nyanguku, mtoto wa kwanza wa mzee Chenge na mama Ng'washi, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1948 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1952, kisha akachukuliwa na bruda mmoja fundi, aliyemfundisha kukata vioo vya rangi, kuviunga kwa madini ya risasi, na kuchora sura za watakatifu kwa rangi nyeusi inayochomwa tanuruni mpaka ishikane na kioo, isifutike tena.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na shemeji yangu Selina katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa Antoni, aliyezaliwa mwaka 1970. Kaka alifanya kazi kiwandani Nyakato, kule mjini, tangu mwaka 1965 hadi Septemba 1992, kiwanda kilipopunguza watu, naye akafungua karakana yake Igogo. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, vioo vya rangi vilianza kupatikana madukani, na watu waliojaliwa kidogo kwa biashara ya samaki aina ya sangara wakawa wanamwomba madirisha ya kuwakumbuka marehemu wao. Madirisha haya yote ni kazi ya mikono yake, na mnajua kwamba watakatifu wale wana sura za watu wetu, Petro yule ni mzee Ngosha, Anna yule ni bibi Justa.

Sasa, kaka alikuwa na desturi yake, kabla ya kuchora sura alikwenda kwenye kaburi la mhusika, akachukua udongo kidogo, akausaga pamoja na rangi. Nilimkataza, nikamwambia hayo si mambo ya Mkristo, akacheka tu, akasema bila udongo sura haitulii. Ndiyo maana jioni, mwanga wa ziwani ukiingia, wengi wenu hamkai upande ule wa kushoto, zilipo sura zile, wala msinikatalie, hata mimi sikai.

Tarehe 22 Aprili 1994 Antoni alikwenda visiwani kuchukua sangara, kesho yake boti ikaonekana imepinduka, yeye hakuonekana hadi leo. Shemeji alikataa matanga, akasema mtoto wake hana kaburi, kwa hiyo hajafa, akawa kila jioni anamwekea chakula na kukifunika. Kaka alimwona mkewe anakwisha, akaamua kumtengenezea Antoni dirisha ili mama apate mahali pa kulia, na kwa kuwa kaburi halikuwepo, akachukua udongo ubavuni mwa kaburi la baba, mahali alipokwisha kutuonyesha kwamba ndipo atakapolazwa yeye mwenyewe.

Sura aliichora vizuri, niliiona kwa macho yangu, lakini tanuru lilipofunguliwa kioo kilikuwa cheupe, kisafi, kana kwamba hakijaguswa, akachora tena, ikawa vile vile. Desemba 1995 dirisha liliwekwa humu kanisani hivyo hivyo, Mtakatifu Antoni ana joho, ana mikono, ila mahali pa uso unaona ziwa. Shemeji alilitazama akafurahi, akasema mnaona, udongo umemkataa, mwanangu yu hai. Kaka aliumia sana, na hakuchora tena sura ya mtu.

Alianza kuugua kifua Novemba 1997, akalazwa mjini, na Jumatano tarehe 10 Juni 1998, saa kumi alasiri, akafariki dunia, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Jana asubuhi vijana walianza kuchimba kaburi mahali pale alipopachagua, na kabla hawajamaliza, katekista Masalu akaja mbio kutoka kanisani, akatushika mkono mimi na shemeji, akatuvuta hadi mbele ya dirisha la Antoni. Nimekuwa tabibu wa zahanati Pasiansi miaka mingi, hadithi za ajabu sizipendi, nasema nilichokiona. Sura ipo. Ni Antoni, na lile kovu lake juu ya jicho, nywele zimelala kama za mtu aliyetoka majini. Nilipitisha kidole, haifutiki. Ule udongo aliouchukua kaka ulikuwa haujawa kaburi, na jana umekuwa.

Shemeji alisimama mbele yake, akalia kilio alichokizuia tangu mwaka 1994, akarudi nyumbani, akaiosha ile sahani aliyokuwa akimwekea Antoni chakula, akalileta shati lake, akaomba liwekwe ndani ya jeneza, kifuani kwa baba yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Igogo na Nyanguku, wenzake wa kiwandani, na fundi mwenzake Yassin aliyelala naye wodini akimwuguza kama ndugu wa damu. Mtakapopita kutoa heshima za mwisho, mama Selina anawaomba mtaje majina mawili.

Kaka Alexander, mwanetu Antoni, pumzikeni pamoja, mmefika nyumbani.