Rebecca Kaanguka Mtihani wa Kulea

Benchi letu la mtaa wa Hai Cinema, hapa Juba, lina miguu mitatu na tofali moja, na mwaka ule wa vita, 2017, lilibeba maneno mengi kuliko watu. Asubuhi hiyo Mama Gune alikuwa anatumiminia kahawa ya tangawizi, na Rebecca alikaa ukingoni. Rebecca ndiye analea watoto wadogo wa wanawake wa sokoni, katika chumba cha nyuma ya kanisa kule Nyakuron. Ana watatu, na kutwa nzima mmoja yuko mgongoni, mmoja kifuani, mmoja kiunoni. Jana yake mkaguzi wa shirika fulani linalolipia chumba hicho alikuja kumpima kama anafuata viwango vya mlezi, akamwangusha: watoto wawekwe kwenye mkeka, watambae. Atarudi Ijumaa, na akimkuta vilevile, chumba anapewa mlezi mwingine. Ilituuma sana, basi tukafanya tunachokijua: tukabishana. Celestino tunamwita Kampala, maana alikulia uhamishoni huko. Igga tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia.

KAMPALA: Kwanza hiyo kiwango ni kitu gani? Mimi iko na watoto saba, hakuna mtu alinipima.

REBECCA: Ni vitu mingi. Unainama mpaka macho yako na ya mtoto iko sawa. Kabla ya kumwinua, unamwambia, "Sasa nakuinua." Nepi unabadilisha huku unaongea naye.

KAMPALA: Unaomba ruhusa? Kwa mtu hana meno?

REDIO: Wacha ushamba, Kampala! Mimi Nairobi nimeona. Mtoto anaongeleshwa kama waziri. "Mheshimiwa, uji umefika."

KAMPALA: Na mgongo iko na makosa gani? Sisi wote tulibebwa.

REDIO: Si ndio shida yenyewe! Mtoto wa mgongoni anaona nini? Shingo. Shingo moja, mwaka mzima. Akikua anatafuta shingo ya kufuata, anapewa bunduki, anaenda. Hii vita yote, buda, imetoka kwa kitenge.

KAMPALA: Wallahi wewe mwongo! Vita ililetwa na wale waliwekwa chini, wakalia, hakuna mtu aliwainua. Sasa wanatulipiza. Mnataka amani? Kamata majenerali wote, wafunge mgongoni mpaka walale.

REDIO: Mgongo ya nani itaweza yale matumbo?

Tulicheka mpaka Mama Gune akatishia kutunyima kahawa. Rebecca hakucheka, na mimi nikaona haya.

REBECCA: Yule mkaguzi hana makosa.

KAMPALA: Dada! Amekuangusha, na wewe unamtetea?

REBECCA: Kuna huyu mmoja, Loro. Anakaribia miaka miwili, hatembei. Daktari alishika miguu, akasema iko mizima. Ni mimi, Celestino. Kila akishuka, namrudisha juu. Anavuta kitenge, anataka chini, mimi nakaza tu.

REDIO: Si umweke chini, basi?

KAMPALA: Eeh, mweke. Kalas, maneno imeisha.

REBECCA: Risasi ya Julai mwaka jana ilitukuta wote kwenye mkeka. Nililala juu yao. Mwili yangu haikutosha, mguu ya mmoja ilikuwa nje, nikawa naivuta, naivuta. Mungu tu ndiye alitufunika. Tangu siku ile, nikiweka mtoto chini, namwinua hapo hapo. Wakiwa kwangu mwilini, naweza kukimbia nao.

Redio alikuna kichwa. Kampala akapuliza kahawa ambayo ilishapoa zamani.

Hapo ndipo tukamwona mwanamke kijana nyuma ya benchi, mtoto mkononi. Hatukumfahamu. Alisema anaitwa Poni, ameelekezwa hapa kwa Rebecca, kesho anaanza kuuza nyanya soko la Konyokonyo na hana ndugu wa kumwachia mtoto.

REBECCA: Umefika hapa zamani?

PONI: Nimesikia yote, mama. Na mimi Julai nilikuwa hapa hapa Juba. Nataka kuuliza kitu moja tu.

REBECCA: Uliza.

PONI: Wangu utamweka wapi?

Rebecca alisimama akampokea mtoto, akabaki amemshika hewani kwa mikono miwili, hajui amshushe au ampandishe.