Fundi Bawa na Mifuko Minne ya Upepo

Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika maneno haya ilikuja kwangu moja kwa moja, maana historia ya karakana hii ya magari ya mashindano ni mimi, wengine ni nyongeza. Nimeahirisha mambo mazito ili nimuage Fundi Bawa, anayestaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuunda mabawa ya nyuma.

Kwanza alikuja kuchomelea geti letu. Akaliona gari limevuliwa bodi, geti likasahaulika. Mpaka leo linafungwa kwa waya.

Kazi yake ni hii: bawa la ndege huinua, yeye hulipindua, hewa iligandamize gari chini lishike lami. Wengi walifundishwa jambo hilo hapa. Mimi nilikuwa nalijua tangu tumboni mwa mama.

Sasa, dereva wetu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Msimu uliopita gari lilimponyoka kwenye kona kubwa ya mbele ya jukwaa, likaishia kwenye matairi ya ukingoni. Tangu hapo, kila akifika pale anakanyaga breki katikati ya kona, na gari linayumba kama mlevi. Wenye gari wakasema akirudia tena, usukani anapewa mwingine. Dada yangu akaacha kula.

Fundi hakumhutubia. Aliweka mfuko mmoja wa simenti mkiani mwa gari, akasema huo ndio upepo wa kilomita mia kwa saa. Akamuuliza, je, kwa mia mbili? Mpwa wangu akajibu miwili. Fundi akaongeza wa pili, akaongeza wa tatu, wa nne ukakosekana stoo. Nikapanda mimi. Fundi akadai nimezidisha, kwamba mimi ni dhoruba, lakini hesabu ilieleweka: mwendo ukiwa mara mbili, mgandamizo ni mara nne.

Akamwambia, mwanangu, kwenye kona za polepole bawa limelala, hapo tegemea tairi na adabu yako. Kwenye ile kubwa usiutishe upepo kwa breki, ukipunguza mwendo nao unakuacha. Ingia na mwendo wako, mjomba wako atapanda mkiani.

Mbio zilizofuata zilikuwa za mwisho kwa Fundi. Mpwa wangu akaingia kona ile bila kugusa breki. Mkia ukatulia chini kama bibi harusi kwenye kiti, tairi zikauma lami, jukwaa zima likasimama. Alimaliza wa pili, na usukani umebaki wake. Aliposhuka aliwapita waandishi wa habari, akamkumbatia Fundi na grisi yake yote, akasema alinisikia kabisa nimekaa kule nyuma. Dada yangu siku hiyo alikula sahani mbili.

Fundi wetu, ahsante kwa mikono yako. Nenda ukapumzike, uishi maisha mema ya mwendo wa taratibu, na ukipata nafasi, lile geti bado linakusubiri.

Jambo moja dogo. Ile kona niliyoisimulia vizuri hivyo, sikuiona. Nilikuwa nimejifunika kofia usoni, na Fundi ndiye aliyenishika mkono mpaka gari lilipopita.