Simu Kwapani

Siku ile kijiweni tulikuwa wanne: Fundi Soli, mshona viatu; Wembe, kinyozi wa mlango wa pili; Antena, anayetengeneza redio; na mimi muuza kahawa, mwanangu mgongoni. Fundi Soli ana saratani ya tumbo. Wiki ile alikuwa ametoka kutundikiwa dripu ya dawa, na tangu alfajiri alikuwa anatetemeka ndani ya koti, jua likiwa kali. Wembe alimpisha upande wa ukuta ili aegemee, akasingizia kwamba yeye ndiye anapenda kukaa ukingoni mwa benchi. Hospitali walimwandikisha Fundi kwenye huduma ya simu: kila asubuhi wanamtumia ujumbe kumuuliza hali, na akizidiwa nesi anampigia. Mpaka saa hizo nesi alikuwa hajapiga.

— Hawajui kama una homa, Antena alisema. Simu inakaa mfukoni, koti zito. Joto halipenyi.

— Kwani simu inapima joto? Wembe akauliza.

— Wewe shika nywele. Simu za siku hizi zinapima mpaka wivu. Si wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako? Fundi, iweke kwapani.

Fundi akaiweka kwapani.

— Ikae mpaka lini?

— Mpaka mnara uone.

Tukangoja.

— Labda kwapa la kushoto, alisema Wembe. Ndiko moyo uliko.

Fundi akaihamisha polepole, meno yakigongana. Nikampa kahawa. Hakuinywa, alikumbatia kikombe apashe vidole moto.

— Nimeshaelewa! Antena akasema. Homa imefika setilaiti, ila leo wagonjwa ni wengi, wamepanga foleni huko juu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Setilaiti ina ukingo?

— Kila kitu kina ukingo, Wembe. Hata benchi hili.

— Basi tumpeleke wenyewe, nikasema.

Fundi akatikisa kichwa.

— Hapana, mwanangu. Nesi alisema watapiga. Nikienda bila kuitwa ataona simwamini. Na yule binti ana adabu, kila asubuhi ananiamkia.

Hapo akaja dada mmoja kuchukua kiatu cha mtoto wake. Kilikuwa tayari. Fundi alikishona huku anatetemeka, na mishono bado ilikuwa imenyooka. Dada akamtazama usoni, akatazama kwapa. Wembe akamweleza mambo ya nesi na simu.

— Baba, leo wamekuuliza hali?

— Wameuliza. Hawakosi.

— Umewajibu nini?

Fundi akampa simu. Dada akasoma kwa sauti: “Shikamoo baba. Hali yako ikoje leo?” Chini yake: “Marahaba mwanangu. Nzuri tu, sijui nyie.” Ya jana: “Marahaba. Nzuri tu. Wasalimie wenzako.” Siku zote nzuri tu.

— Sasa, baba, nesi atajuaje?

Antena akasogea kuusoma ujumbe kwa macho yake.

— Mtoto wa watu ameniamkia asubuhi-asubuhi, Fundi akasema. Nimwanzie na matapishi?

Hakuna aliyecheka, maana sote ndivyo tungejibu.

Dada akaniwekea kiatu mapajani, akachuchumaa mbele ya Fundi.

— Sema, nitakuandikia.

— Anza na nzuri.

— Baba!

— Haya. Andika nina homa tangu alfajiri. Natetemeka. Nimetapika. Halafu andika samahani kwa usumbufu.

Aliandika yote, na samahani pia.

Nesi alipiga muda huo huo. Sauti yake tuliisikia sote:

— Baba, usingoje hata kidogo. Homa baada ya dawa ile ni hatari. Njoo sasa hivi!

Antena alitoka mbio kutafuta gari. Wembe alibaki kufunga banda la Fundi, akavipanga viatu vya watu jozi kwa jozi, kama Fundi anavyopenda. Dada alimshika Fundi mkono mpaka garini, akasahau kiatu cha mwanawe mapajani mwangu.

Fundi Soli alilazwa siku hiyo hiyo, akatoka wiki iliyofuata.