Meno ya Msumeno wa Wofa Bonsra

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Maame Serwaa, ng'ambo ya karakana za maseremala wa Kumasi. Miezi mitatu tulihangaika kuufufua msumeno wa mkanda wa Wofa Bonsra, yaani Mjomba Bonsra, bwana aliyetufunza kazi sote: injini ya dizeli tukaitoa, tukafunga mota ya umeme, beringi mpya, magurudumu yakavikwa mpira mpya. Mkanda wa meno aliuvisha Wofa mwenyewe. Kwetu mkanda huvishwa na bwana, na fundi hamkagui bwana wake. Tulipowasha, mbao za mvule zikaungua badala ya kukatika. Leo Wofa kamwita Fuseini, mnunuzi wa vyuma chakavu, na wakati anamngoja kakaa nasi, kahawa yake haijaguswa.

— Ni umeme, alisema Injinia, ambaye injini yake pekee ni ya pikipiki mbovu. Wa siku hizi mwepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, we! alidakia Osofo, mchonga mabenchi ya kanisa. Mota inanguruma vile! Tatizo ni mvule wenyewe. Uliangushwa Alhamisi, siku ambayo kwetu ardhi hupumzika na haiguswi.

— Kwa hiyo msumeno unajua siku?

— Unajua! Una kumbukumbu kukushinda wewe.

— Basi umesusa. Miaka thelathini unakunywa dizeli, leo mnaulisha waya.

— Tuumwagie kidogo.

— Dizeli au kinywaji cha wahenga?

— Vyote. Hatujui unataka kipi.

Wofa akakohoa.

— Nimeunoa mara tatu, wanangu. Chuma kimezeeka kama mimi. Kiende.

Roho iliniuma. Msumeno ule alikabidhiwa na bwana wake siku alipohitimu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Osofo kumliwaza, nasi tukaitikia kwa vichwa.

Fuseini akafika na mkokoteni wake wa vyuma.

— Shikamoo, Wofa.

— Marahaba. Uko ndani, kauchukue.

Aliingia karakanani, akapitisha kidole kwenye mkanda, akatoka mikono mitupu.

— Samahani, wakubwa. Msumeno unakata kwenda chini. Mbona meno yanatazama juu?

Injinia akachungulia kikombe chake. Osofo akaanza kufunga kamba ya kiatu kilichokwisha kufungwa. Maame Serwaa aliacha kukoroga.

Wofa aliinuka. Tukauvua mkanda, tukaugeuza ndani nje kama shati, tukawasha. Mvule ukapasuka vizuri, unga ukaanguka wa kahawia na mkavu. Tulirudi benchini, hakuna aliyeshangilia.

— Nsiah, Wofa aliniambia. Wewe una macho. Uliona?

— Niliona, Wofa.

— Lini?

— Jumatatu. Ulipokuwa unauvisha.

Niliona aibu kuliko siku yoyote ya uanafunzi wangu. Wofa alisukuma kahawa yake kwa Fuseini, akavua glavu zake za ngozi, zile za kuvishia mkanda, akaniwekea mapajani.

— Kuanzia leo unavisha wewe, alisema, akiwaonyesha Injinia na Osofo kwa kidevu. Na hawa wawili wakukague.