Dubai ya Mama Isaro

Kijiwe cha Beechmont hakikuwa na jina, lakini kila Mkongo wa kusini mwa Louisville alijua kilipo: ukutani pa duka la kufulia nguo, hatua chache kutoka kituo cha basi, pale kanisa moja lilipotupa kiti chake kirefu cha mbao na Gatsinzi akakiokota. Jumamosi mchana, nguo zikizunguka ndani ya mashine, wanaume walikaa nje na termosi ya kahawa. Gatsinzi, mwenye termosi, aliitwa Shemasi, kwa sababu alikuwa shemasi kweli. Birindwa aliitwa Buffalo: mji huo ndio uliompokea kwanza Marekani, akaukimbia baada ya majira mawili ya theluji, na tangu hapo hakuacha kuusimulia. Zéphyrin aliitwa Kontena, maana zamani, kule Bukavu, alikuwa mfanyabiashara wa kuleta mizigo kutoka Dubai, na ukimsikiliza utadhani ameileta nusu yake. Wa nne, Ndahiro, aliitwa Mwalimu. Alifundisha jiografia miaka kumi na minane, kwanza milimani, kisha katika kambi ya wakimbizi. Sasa alipanga maboksi ghalani. Jumamosi hiyo ya Oktoba, mwaka 2015, alikuja na bahasha mfukoni.

— Soma tena, Shemasi alimwambia. Pole pole.

Ndahiro alivaa miwani, akaisoma barua huku akiitafsiri neno kwa neno, kama alivyozoea kuwasomea wanafunzi imla.

— "Mpendwa Bi Bamurange. Katika mahojiano ulisema kwamba kati ya mwaka 2005 na 2009 ulikuwa ukifanya biashara Dubai. Tafadhali tuandikie anwani uliyoishi, jina la aliyekudhamini viza, na sababu ya kuondoka. Usipojibu kufikia Jumatano, faili lako litafungwa, na maelezo yako yatabaki kama yasiyo ya kweli."

— Mpendwa, Buffalo alisema. Banamuita mpendwa.

— Mwezi wa tatu niliwaandikia kwamba amefariki. Niliambatisha cheti cha hospitali ya kambi.

— Na banamuandikia yeye mwenyewe?

— Yeye mwenyewe. Kwa anwani yangu.

Shemasi alimimina kahawa, akampa Ndahiro kikombe cha kwanza, ingawa zamu haikuwa yake.

Habari yenyewe kijiwe kizima kiliijua. Bamurange, Mama Isaro, mke wa Ndahiro, hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Kambini palikuwa na safu moja ya vibanda vya mabati ambako wanawake waliuza sahani, masufuria na vitenge, na safu hiyo watu waliiita Dubai. Siku ya mahojiano ya kuhamia Marekani akaulizwa alikuwa akifanya kazi wapi. Akajibu kwamba alikuwa anauza Dubai. Na uliishi na nani huko Dubai? Na mume wangu na watoto. Mkalimani, kijana wa mbali asiyeijua kambi, akayahamisha maneno kama alivyoyasikia. Ndahiro naye, katika chumba cha pili, akasema miaka hiyohiyo mkewe alikuwa kambini. Maelezo mawili yakapigana. Faili likakatwa vipande viwili: mume na watoto wapite, mke asubiri. Vipimo vya afya vya watoto vilikuwa karibu kuisha muda. "Tangulieni," Bamurange aliwaambia. Wakatangulia, mwaka 2012. Presha ikamwondoa Februari ya mwaka huu, akiwa bado anasubiri.

— Bon, Kontena alisema. Tuseme kweli. Miaka tatu unabaeleza ile Dubai haiko Dubai. Bamesikia? Habasikiake. Ofisi inapenda nini? Inapenda adresse. Donc, tubape adresse.

— Adresse gani? Shemasi aliuliza.

— Andika Deira. Hoteli ya etage tatu, nyuma ya soko ya viungo. Mimi nililala pale mara saba. Mwenye hoteli iko Muhindi moja munene, anajua kusema jambo.

— Unataka tumzushie marehemu uongo?

— Hapana uongo, Shemasi. Ni kumaliza faili. Banakatala mutu kwa jina ya Dubai, basi tumupe Dubai yake yote, na miti yake, na ascenseur yake ya kupandisha batu.

Ndahiro hakumkatalia papo hapo, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Jana usiku binti yake Isaro, anayefanya kazi ya kutunza wazee kule Hilliard, Columbus, alimwambia kwa simu aachane na barua hiyo. Alisema kwa Kiingereza, kama siku zote anapokaribia kulia: mama haumii tena, baba, karatasi haimuumizi. Lakini Ndahiro alimfahamu Bamurange. Alikuwa mwanamke wa kumrudisha mteja aliyekwisha kufika mbali ili amwonyeshe ufa kwenye sahani aliyonunua. Kumwacha kwenye kabati la ofisi na neno "si kweli" juu ya jina lake, hapo ndipo Ndahiro alipokuwa haponi.

— Shida, Buffalo alisema, ukiandika uongo lazima ujue ule muji. Batauliza: ile Dubai ilitajirika namna gani wakati mama iko pale? Utajibu nini?

— Iko wazi, Kontena alisema. Hakuna douane ya kukulipisha ushuru. Mutu anaingiza, mutu anatosha, hakuna mwenye anamuuliza. Na zahabu. Choo ya aéroport iko ya zahabu. Mimi nilioga ndani.

— Ulioga ndani ya choo?

— Nilinawa! Usigeuze maneno yangu.

— Zahabu hiyo ni ya Sulemani, Shemasi alisema kwa utulivu wa mtu aliyefungua Biblia. Merikebu zake zilikwenda Ofiri. Zilipita wapi? Si hapo hapo? Zikapumzika, zikaacha kidogo. Kidogo cha Sulemani ni kingi.

— Sulemani hakuijua Dubai, Ndahiro alisema.

— Wewe ulikuwepo?

— Palikuwa kijiji cha wavuvi na wapiga mbizi. Walizama baharini kutafuta lulu, wamefungwa kamba, pumzi wakiiziba kwa kibano cha puani. Mwanzoni mwa karne iliyopita mtawala wao akaondoa ushuru, na wafanyabiashara wa upande wa Uajemi, waliochoshwa na ushuru wa kwao, wakavuka na mali zao. Hapo Kontena amesema kweli.

— Munasikia! Kontena alisema.

— Kisha Wajapani wakajifunza kukuza lulu kwa mikono. Katika miaka ya thelathini lulu za bahari zikakosa mnunuzi, na njaa ikaingia. Hori yao, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, nayo ikawa inajaa mchanga, meli zinakwama. Karibu na mwaka 1959 wakaanza kuuchimba mchanga huo, kwa fedha walizoazima Kuwait. Mafuta walikuwa bado hawajayapata. Waliyapata 1966. Watu hudhani mafuta ndiyo yaliyoijenga bandari, lakini bandari ilitangulia.

— Mwaka gani umesema? Buffalo aliuliza, akiinuka nusu. 1959?

— Karibu na hapo.

— Ni ile ile! Mimi nilifagia ndani ya silo moja ya ngano kule Buffalo, kubwa kuliko kanisa, tupu, njiwa tu. Muzee mwenye alikuwa ananiongoza aliniambia: kijana, 1959 balifungua njia ya maji ingine, meli zikapita mbali na sisi, tukakufa. Sasa fikiri. Zile meli zilienda wapi?

— Baharini, Shemasi alisema.

— Zilienda Dubai! Zilitoka Buffalo, zikatafuta pa kulala, zikaona Waarabu banachimba muchanga. Zikaingia. Ule utajiri ni ya Buffalo. Minasema bale bazungu ya Buffalo banalia bure, bangeenda kudai meli zabo.

Kontena alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali yake ya kazi. Hata Shemasi alijifunika mdomo. Ndahiro naye alitabasamu, akaona jinsi tabasamu lilivyomjia haraka, akalifuta.

— Lakini Mwalimu, Shemasi alisema baadaye, vitu hivi vyote umevijulia wapi? Milimani kwetu hatukufundishwa lulu.

— Kidogo nilikijua tangu chuoni. Vingine nimevisoma hapa, maktaba. Miaka mitatu, kila Jumanne. Nilidhani nikiujua mji wote, mtaa kwa mtaa, mwaka kwa mwaka, nitapata jambo moja la kuwathibitishia kwamba hakuweza kuwa kule. Viza, mdhamini, bei ya chumba. Nimewaandikia barua kumi na moja.

— Na ulipata?

— Nimepata mji. Yeye hayumo. Lakini mtu kutokuwepo mahali, unakuonyeshaje?

Basi lilikuja, likafungua milango, likaifunga. Kontena alitoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya bahasha, karibu na goti la Ndahiro.

— Deira, alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. Mwalimu, mimi nilikuwa nafikiri mama ataona kitu. Hata kwa karatasi tu. Aone ile muji.

Ndahiro aliishika kalamu. Akaikunja barua juu ya goti, upande wenye mistari mitupu ya majibu.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye kapu la nguo zenye joto bado. Alikuwa Dative, majuma matatu tu tangu afike kutoka kambini. Shemasi ndiye aliyempokea uwanja wa ndege. Alisalimia wote, wazee kwanza.

— Karibu kahawa, dada, Shemasi alisema. Tuko tunamsaidia Mwalimu. Bamemuandikia juu ya Dubai.

— Dubai? Dative aliweka kapu chini. Ya sahani ao ya bitenge?

Kontena alimgeukia Ndahiro.

— Ya sahani, Ndahiro alisema.

— Mimi nilikuwa nauza bitunguru pale mwisho, kwa kona ya bomba ya maji. Upande ya sahani kulikuwa Mama Isaro. Yule alinipa turubai yake wakati ya mvua, akabaki ananyeshewa yeye. Tulimuzika mwezi wa pili. Dative alimtazama Ndahiro, kisha akaweka mkono kifuani. Eh, baba. Ni wewe? Pole. Pole sana, Baba Isaro.

— Asante, mama.

— Témoin! Kontena alipiga kelele, akasimama. Munaona? Iko na témoin, shahidi! Alikuwa pale, ana mikono, anaweza kutia sinyatire! Dada, utaandika?

— Nitaandika. Kwa nini nikatae? Kila mutu anajua Dubai. Mutoto wa miaka mbili anajua.

— Andika, Mwalimu, andika, Buffalo alisema. Andika kulikuwa Dubai mbili.

— Lakini nibaulize, Dative alisema. Mimi nilifika kambi ile 2008, nilikuta jina tayari iko. Kila siku nilikuwa najiuliza. Mabati tu, na matope. Nani aliita pale Dubai?

Buffalo alimtazama Kontena. Kontena alimtazama Shemasi. Shemasi alitikisa termosi, ilikuwa tupu. Barua kumi na moja, na swali hilo ofisi haikuwahi kuliuliza, wala Ndahiro hakuwahi kulijibu bila kuulizwa.

Alivua miwani.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Mimi niliipa jina. Mwaka 2005, siku alipofungua. Alikuwa na sahani sita na sufuria mbili, na bati moja jipya lililong'aa juani. Wiki hiyo nilikuwa nafundisha bandari, nimetoka darasani na ramani kwapani. Nikasimama mbele yake kama mteja, nikamwambia, mama, naona sasa tumefika Dubai. Wanafunzi walikuwa nyuma yangu. Jioni kambi nzima ilikuwa inasema hivyo.

Shemasi aliinamisha kichwa.

— Isaro hajui, Ndahiro aliendelea. Mama yake alijua, na hakulitaja mbele ya mtu, hata walipomrudishia faili mara ya tatu. Alilinyamazia kwa ajili yangu.

Aliiweka barua sawa juu ya goti. Palipoulizwa anwani aliandika jina la kambi, na chini yake: safu ya mabati, upande wa sahani. Palipoulizwa mdhamini aliandika: Jina la Dubai lilitolewa kwa utani na mume wake, Ndahiro, mwalimu. Yeye alisema kweli. Aliandika pole pole, kwa herufi za ubaoni, na Dative akatia jina lake chini.

Ilibaki sababu ya kuondoka. Hapo kalamu ilikaa juu ya karatasi bila kugusa.

— Mwalimu, Kontena aliuliza, sauti yake ndogo kuliko walivyowahi kuisikia. Ile siku. Ulipomwambia vile, mama alisema nini?

— Hakusema kitu, Ndahiro alisema. Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini.