Bi Hoja Astaafu: Mwalimu wa Washindi wa Pili

Tarehe thelathini ya mwezi wa sita, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha stadi za mawasiliano na kulea klabu ya mdahalo ya chuo chetu, Bi Hoja anastaafu. Mhariri wa jarida hili aliwaomba wahadhiri watatu waandike wasifu wake. Mmoja alisema ana semina, wa pili ana mafua, wa tatu akaleta kurasa nne ambazo hata yeye mwenyewe alisinzia akizisahihisha. Basi kazi ikaja kwa dereva wa basi la chuo, yaani mimi. Shule niliiacha njiani, lakini nchi hii nimeizunguka mpaka barabara zinanisalimia, na kila fainali aliyokwenda Bi Hoja, mimi ndiye niliyempeleka. Nani mwingine angeandika?

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha jirani. Klabu aliikuta ina wanachama wa kuhesabika na meza moja yenye mguu mbovu. Mtindo wake wa kazi ulikuwa mmoja tu: ukiipenda hoja, unapewa upande wa kuipinga. Kijana mmoja aliyeamini kwamba simu zipigwe marufuku darasani alizitetea mpaka akaenda kununua ya pili. Mume wa Bi Hoja, fundi saa mpole, aliwahi kuniambia kwamba hata akisema chai ina sukari nyingi, anatakiwa kuthibitisha.

Sasa mashindano yenyewe. Kwa wale ambao hawajawahi kupoteza Jumamosi yao huko, mashindano ya taifa ya mdahalo wa vyuo ni mahali ambapo watu wasiosikiliza huwapa alama watu wanaosema. Jaji mkuu ana tai pana kuliko maarifa. Mgeni rasmi hufika chakula kikinukia. Tuzo zinagawiwa kama karanga: msemaji bora, msemaji anayechipukia, timu iliyowahi kufika, timu nadhifu. Mwaka mmoja unadhifu walitupa sisi, na vijana walikuwa wametoka kusukuma basi kwenye matope. Sababu ya kusukuma haihusiani na wasifu huu.

Kikombe kikubwa kilikuwa cha wengine, hasa chuo kile cha makoti ya bluu, ambao hoja zao ni nyepesi kuliko hayo makoti, ila walimu wao wanajua kunywa chai na majaji. Sisi tulikuwa wa pili. Mwaka huu wa pili, mwaka ule wa pili. Kabati la Bi Hoja limejaa vikombe vidogo; kimoja anawekea kalamu, kingine ameoteshea kitunguu.

Na huko kuna desturi yake. Mshindi wa pili hupanda jukwaani kabla ya bingwa, hupokea kikombe kidogo, kisha nahodha wake hupewa dakika moja ya kuwashukuru majaji na kumpongeza aliyemshinda. Kwa kuwa hiyo ilikuwa ajira yetu ya kudumu, Bi Hoja aliifundisha kama somo kamili. Nahodha wetu alijua kufunga kifungo cha koti, kuinama kidogo, na kushindwa kwa adabu ya kuliza watu. Hotuba ya bingwa hakufundishwa mtu. Ya kazi gani?

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, na sote tulijua anakitaka kile kikombe. Hakutamka. Lakini njia nzima hakubishana na mtu, nami nikaingiwa na hofu.

Fainali ikawa sisi na makoti ya bluu: mitihani ifutwe vyuoni, au isifutwe. Vijana wetu waliwachambua wenzao kama karanga. Ukafika wakati wa matokeo. Mshereheshaji akasema, "Na nafasi ya pili…" na hapo kipaza sauti kikakata. Mshereheshaji akiwa anakipigapiga, nahodha wetu, kwa mazoea tu, alikuwa ameshasimama, kafunga kifungo, yuko ngazini. Mgeni rasmi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafumbua macho, akaona kijana mwenye adabu mbele yake, akamkabidhi kikombe kidogo. Kijana akashukuru vizuri ajabu. Ukumbi ukapiga makofi. Mshereheshaji, anayeogopa hata kivuli cha mgeni rasmi, akaikunja karatasi ya matokeo na kuwaita makoti ya bluu kuwa mabingwa. Majaji walijua. Wakapiga makofi na wao.

Tukiwa tunapakia mizigo, jaji mkuu alikuja kwenye dirisha la basi kama mtu aliyeleta pole msibani.

"Mama, kusema kweli ninyi ndio mlioshinda. Ila mgeni rasmi ameshatoa, tusimwaibishe. Mwakani, Mungu akipenda."

Bi Hoja akashuka. "Mwakani mimi niko kwangu, baba. Rudi ndani ukayaseme hayo kwenye kipaza sauti."

Yule bwana akaanza habari za taratibu na kanuni. Maskini, hakujua anaongea na nani. Alirudishwa ukumbini akihojiwa kila hatua, tai imekaa upande. Mimi nami, kwa ujuzi wangu, nikalivuta basi likakaa sawasawa kwenye geti, gari la mgeni rasmi likabaki ndani. Mlinzi akauliza kulikoni, nikamwambia gia imekataa. Gia yangu haijawahi kukataa tangu nianze kuishika.

Ndani, jaji mkuu aliyasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba. Mgeni rasmi akadai alihisi hivyo tangu mwanzo, na wote tulimwona alivyokuwa akihisi, mdomo wazi. Majaji wakaleta wazo la ushindi wa pamoja. Bi Hoja akauliza kama wana msumeno wa kukatia kikombe. Aliyemaliza ubishi ni nahodha wa makoti ya bluu, binti niliyekuwa nimemcheka mchana kutwa kwa mwendo wake wa kifalme. Aliteremka jukwaani, akamwekea Bi Hoja kikombe kikubwa mikononi.

"Shikamoo, mama. Sisi tulijua kwamba tumepigwa."

Kijana wetu akapewa kipaza sauti, dakika moja ya bingwa. Akafunga kifungo. Akainama. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akamtazama mwalimu wake. Bi Hoja akapanda, akasimama naye, kikombe kifuani, mwanamke ambaye trafiki wamewahi kumwomba aendelee tu na safari yake, na yeye hana neno. Walisimama hivyo mpaka muda ukaisha. Hakucheka mtu. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo mkononi, nimesahau kabisa kwamba nimeziba geti.

Bi Hoja, dada yangu, wafanyakazi wenzako tunakushukuru. Siku ya kukuaga utapewa kipaza sauti, tena nimekikagua mwenyewe, hakikati. Ukikosa la kusema, simama tu na sisi tukutazame. Kapumzike, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema.