Mwalimu Klachi na Sahihi Yake

Mama yetu alikuwa na majina matatu mazuri kwenye cheti chake cha kuzaliwa, lakini ninyi mliojaza uwanja huu leo na helmeti mikononi mlimjua kwa moja tu la kupachikwa: Mwalimu Klachi. Hata fundi bomba aliyekuja juzi kurekebisha mfereji wa nyumbani aliuliza mtaani kwa jina hilo, akaletwa mpaka mlangoni.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mkewe mshonaji. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja cha kulala watu na kingine cha kulala magurudumu. Mdogo wake, ambaye sisi tunamwita mama mdogo, anasema, "Wenzake tulicheza na wanasesere. Yeye alikuwa na spoki zake, na ole wako uziguse."

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, katika shule ya msingi iliyokuwa mkabala na kituo cha treni. Mwaka 1973 alijiunga na sekondari ya wasichana, akamaliza 1976, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha uuguzi. Uwezo wake wa kusoma miandiko ulisifika huko. Daktari mmoja alikuwa akimwita amsomee maandishi ya daktari mwenzake, na siku nyingine amsomee ya kwake mwenyewe.

Kuanzia 1980 alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa katika hospitali ya wilaya. Baada ya miaka michache alipewa pikipiki ya kuzungukia zahanati, akawa mwanamke wa kwanza pale hospitalini kuendesha. Wodini, alimuuliza kila kijana aliyeletwa na mguu uliovunjika kwa ajali ya pikipiki swali moja: "Nani alikufundisha?" Jibu lilikuwa karibu lile lile: "Rafiki yangu, jioni moja." Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka mingi. Tarehe 30 Juni 1999 aliacha kazi, akapanga uwanja huu nyuma ya ghala la mbao, akafungua shule yenye pikipiki mbili, koni kumi na nne na helmeti nane. Majirani walisema amerukwa na akili, na wawili kati yao walikuja kujifunza.

Siku ya kwanza hakuna aliyewasha injini. Mwanafunzi aliisukuma pikipiki kuzunguka uwanja, akailaza chini, akainyanyua, akaisukuma tena. Muuza nyama mmoja, mtu wa miraba minne, alihamaki mbele ya wenzake.

"Mwalimu, nimekuja kuendesha, sikuja kusukuma."

"Siku ikikuzimikia katikati ya barabara, baba, utanipigia simu nije nikusukumie?"

Muuza nyama alisukuma. Siku ya pili ilikuwa ya klachi, na ndipo jina lilipotoka: kuiachia mpaka pikipiki isogee hatua moja, kusimama, kurudia, mara hamsini. "Usiiachie kama umeguswa na moto," alikuwa akisema. "Iachie kama unayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia."

Kuhusu sheria hakuwa na mzaha. Mwanafunzi awe na leseni ya muda, abandike herufi L mbele na nyuma, asibebe abiria hata kama ni mchumba wake, na asiende kwenye mtihani mpaka mwalimu asaini fomu kwamba ameiva. Sahihi hiyo aliilinda kuliko mkoba wake. Pale ofisi ya leseni, mtahini akiiona, alisema tu, "Huyu ni wa Klachi," na kalamu yake ilikuwa nyepesi kidogo siku hiyo.

Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kubadilisha nyaya za wodi akachelewa makusudi kuzimaliza. Walijaliwa watoto watatu. Baba yetu hajawahi kuendesha pikipiki mpaka leo. Hupanda nyuma, akafumba macho, na hajioni kuwa mwoga.

Mtoto wa kwanza ndiye anayesoma wasifu huu, na yafuatayo ameyaandika mwenyewe bila kulazimishwa. Mwaka 2008 alikuwa na miaka ishirini na miwili, na duka la dawa lilimwahidi kazi ya kusambaza dawa kwa pikipiki akipata leseni mwezi ule. Ijumaa asubuhi alifanya jaribio mbele ya mama yake. Alizunguka koni bila kuangusha hata moja, akapita juu ya ubao mwembamba, akafunga breki za ghafla akasimama barabara. Kisha, kwa furaha, akakata kushoto kurudi kivulini. Alitazama kioo, lakini hakugeuza shingo. Mdogo wake wa mwisho, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa upande ule ule, pale kioo kisipofika, akimletea maji. Usukani uligonga chupa, ikaruka.

Mama alirudisha kifuniko cha kalamu, akaitia mfukoni.

"Mama, ni kosa moja tu."

"Ndiyo. Na mdogo wako naye ni mmoja tu."

"Nisainie, nitajirekebisha kazini."

"Kwa kumgonga mtoto wa nani?"

Kazi ilipotea. Kijana alihamia kwa mjomba wake, akamnunia mama yake miezi mitano. Baba alimsihi mkewe, "Ungemsainia tu, ni mwanao." Mama alijibu, "Ndiyo maana sikusaini." Tulikuja kujua baadaye kwamba siku hizo alilia sana, mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi moja kijana alitokea hapo getini na helmeti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pikipiki ile pale. Anza kusukuma."

Alisainiwa baada ya wiki kumi na moja. Mwaka 2012 akawa mwalimu hapa hapa, lakini sahihi ya mwisho ilibaki ya mama.

Agosti 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliendelea kuja uwanjani, akiketi kwenye kiti pale karibu na koni, na sauti yake haikuugua hata siku moja. Oktoba mwaka huu alilazwa. Ijumaa, tarehe 3 Novemba, mwanawe alimpelekea kitandani fomu ya mwanafunzi mmoja na kalamu.

"Anageuza shingo?"

"Anageuza."

"Umemwona, au amekwambia?"

"Nimemwona, mama."

Akamrudishia kalamu. "Basi saini wewe." Katika daftari lake, fomu hiyo ni ya 2,316. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mama yetu mdogo, mjomba wetu, na ninyi nyote aliowasainia. Msafara utaondoka hapa saa nane mchana. Wenye herufi L wasibebe abiria. Marehemu hakuacha ruhusa hiyo hata kwa leo. Mwanawe atatangulia na pikipiki, gari lililombeba mama likimfuata. Kabla ya kuachia klachi atatazama kioo, kisha atageuza shingo, na atamwona.

Pumzika kwa amani, mwalimu. Tutaenda taratibu.